Kilima cha Bunkeya: Matayarisho ya Safari ya Siku Moja

Tangu tulipokubaliana kwamba shirika letu lifanye safari ya siku moja kwenda Bunkeya, maswali yamekuwa mengi. Nani atatoa gari? Kila mmoja atachanga kiasi gani? Tutaondoka Likasi saa ngapi ili turudi kabla ya giza? Maswali hayo yote ni ya lazima, na wahusika wanayashughulikia. Lakini kijana mmoja aliuliza jambo lingine, na swali lake likatunyamazisha kwa muda: "Tukifika juu ya kilima, tutaona nini? Kuna kuta? Kuna mizinga?"

Yafaa ajibiwe kwa ukweli. Anayetazamia kuona ngome ya mawe, kama ile ya Mombasa iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, atarudi nyumbani akinung'unika. Boma za Bunkeya zilikuwa za miti na udongo. Mchwa wamekula miti hiyo, na mvua ya zaidi ya miaka mia moja imeurudisha udongo ardhini. Macho peke yake hayatafaidi mengi siku hiyo. Ndiyo sababu makala haya yameandikwa mapema: mizigo mingine ya safari hufungwa kwenye kikapu, na mingine hufungwa kichwani kabla ya mtu kupanda gari.

Tuanze na mahali penyewe. Bunkeya iko kaskazini ya mji wetu, na kwa mstari ulionyooka haifiki kilomita mia moja. Tangu mikoa ilipogawanywa mwaka 2015, sisi tumebaki Haut-Katanga, na Bunkeya, iliyo katika teritware ya Lubudi, imeingia Lualaba. Kwa hiyo siku hiyo tutavuka mpaka wa mkoa, ingawa historia tunayoiendea ni moja. Ni nchi ya uwanda mpana, na kilima cha Nkulu kinainuka juu yake. Chini ya kilima hicho, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa, palikuwa na mji uliojulikana kutoka pwani ya Angola hadi Unguja. Mwenye mji huo aliitwa Msiri.

Jambo la kwanza la kukumbuka kuhusu Msiri ni kwamba alikuwa mgeni. Jina lake la ujana lilikuwa Ngelengwa. Alizaliwa yapata mwaka 1830 katika nchi ya Wasumbwa, upande wa magharibi wa Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyezoea kuja Katanga kununua shaba, na kijana alizifuata njia za baba yake. Wenzake waliokuja naye waliitwa Wayeke, jina la wawindaji wa tembo. Walifika wakiwa wachache, wakaomba ruhusa ya kuwinda na kufanya biashara, wakaishi chini ya machifu waliowakuta. Wenyeji wa sehemu hiyo walikuwa Wasanga, na chifu wao mkubwa alikuwa Pande. Mapokeo yasimulia kwamba Waluba waliposhambulia, Msiri na bunduki zake alimsaidia Pande kuwafukuza. Mgeni akawa rafiki. Rafiki akawa mlinzi. Na baada ya miaka kadhaa mlinzi akawa mfalme. Utawala uliokuwa wa Pande ukaangukia mikononi mwa yule aliyekuja kuomba.

Je, alikuwa mtu mwema au mtu mbaya? Wasafiri wetu watapenda kupewa jibu fupi, lakini historia hailitoi. Wayeke walileta mambo ambayo hata leo tunayaona ya kawaida kabisa. Kilimo cha viazi vitamu kilienea katika nchi hii kwa mikono yao, na vilevile ufundi wa kuvuta shaba kuwa waya. Bunkeya ikawa mji wa maelfu ya watu, na mataifa mengi yalikutana sokoni mwake. Shaba, chumvi na pembe za ndovu zilitoka. Bunduki, baruti na nguo zikaingia, kutoka Benguela upande wa magharibi na kutoka pwani ya Waswahili upande wa mashariki. Hata hivyo, katika misafara ileile watu nao waliuzwa. Wanawake na watoto waliofungwa kamba walipita chini ya kilima hicho wasirudi tena makwao. Wageni walioandika habari za Bunkeya walisimulia pia kwamba boma la mfalme lilipambwa kwa vichwa vya waliouawa, vikiwa juu ya miti. Yote mawili ni kweli, na atakayesimama Bunkeya na kukumbuka moja tu atakuwa hajafika bado.

Mwaka 1886, mwezi wa pili, alifika Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uskoti, akitokea Benguela. Msiri alimpokea, akamruhusu kukaa, na wenzake wakafuata. Lakini nyuma ya wamisionari walikuja watu wa namna nyingine, wenye karatasi. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, mataifa ya Ulaya yaligombea ardhi ambazo wengi wao hawakuwahi kuziona, na habari ya shaba ya Katanga ilikuwa imewafikia. Upande wa kusini alikuwapo Cecil Rhodes na kampuni yake. Upande wa magharibi alikuwapo mfalme Leopold II wa Ubelgiji na dola lake la Kongo. Mwezi wa kumi na moja wa 1890 alifika Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, akataka Msiri atie alama yake kwenye mkataba. Msiri alikataa. Mwezi wa nne wa 1891 alifika Paul Le Marinel kwa niaba ya Leopold. Naye pia hakupewa nchi, ila aliacha kituo kidogo kwenye mto Lofoi.

Hapa tutulie kidogo, kwa maana jambo hili linatuhusu sisi wa Likasi moja kwa moja. Kama Sharpe angalifaulu siku zile, huenda mji wetu leo ungekuwa upande wa Zambia, na watoto wetu wangesoma kwa Kiingereza. Mpaka tunaouona kama uliochorwa na Mungu mwenyewe ulitegemea mzee mmoja aliyekataa kutia alama kwenye karatasi.

Leopold hakuridhika. Mwaka 1891 kampuni iitwayo Compagnie du Katanga ilimtuma kapteni William Stairs, aliyezaliwa Halifax nchini Kanada na kuwa afisa wa jeshi la Kiingereza, lakini sasa akifanya kazi kwa faida ya mfalme wa Wabelgiji. Pamoja naye walikuwapo Omer Bodson, Mbelgiji. Christian de Bonchamps, Mfaransa. Na daktari Joseph Moloney, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya safari hiyo. Wazungu hao walikuwa wachache mno. Msafara wenyewe ulikuwa watu zaidi ya mia tatu, askari na wapagazi, wengi wao wakitoka Unguja na pwani. Lugha yao ilikuwa Kiswahili, lugha hii hii tunayosali nayo na kuiandika hapa.

Walifika Bunkeya tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili, 1891. Waliikuta nchi katika taabu: Wasanga walikuwa wameasi, na njaa ilikuwa karibu. Msiri alizungumza nao siku kadhaa. Alitaka rafiki wa kumsaidia dhidi ya waasi, wala hakutaka bwana. Stairs naye alitaka bendera. Tarehe 19, bila ruhusa ya mwenye nchi, bendera ya dola la Leopold ilipandishwa juu ya kilima. Ilikuwa bendera ya samawati yenye nyota moja ya manjano. Hakuna mzinga uliopigwa, wala ukuta uliobomolewa. Ulisimikwa mti mmoja wenye kitambaa, na nchi ikahesabiwa kuwa imepata mwenyewe mpya. Usiku huo Msiri aliondoka, akaenda Munema, kijiji chenye boma kilicho karibu.

Asubuhi ya tarehe 20 Stairs aliwatuma Bodson na de Bonchamps pamoja na askari yapata mia moja wamlete. Bodson aliingia bomani na watu wachache. Kilichotokea humo ndani tunakijua zaidi kwa maneno ya upande mmoja, kama alivyoyaandika Moloney: kwamba Msiri alishika upanga, na Bodson akampiga risasi, na mmoja wa watu wa mfalme akampiga Bodson. Wote wawili walikufa. Mwili wa Msiri ulichukuliwa hadi kambini kwa Stairs. De Bonchamps mwenyewe alikuja kukiri baadaye, katika gazeti la Paris, kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuinuliwa juu ya ua wa boma lao, ili watu waamini kwamba amekufa.

Msomaji aitazame picha hiyo bila haraka. Watu wa msafara walikuwa wamesema kwamba wanakuja kuondoa ukatili, na ushahidi wao mkubwa ulikuwa vile vichwa juu ya miti ya boma la Msiri. Wiki moja baada ya kufika, boma lao wenyewe lilikuwa na kichwa juu ya mti. Kwa hiyo tukisema kwamba Bunkeya ilikuwa na boma mbili, la Mwafrika na la Mzungu, ni lazima tuseme pia kwamba alama ya utawala juu ya miti yake ilikuwa moja.

Ushindi huo haukumshibisha mtu. Mvua zilikuwa zimeanza, mashamba yalikuwa matupu, watu wa mji walikimbia na chakula chao. Katika wiki zilizofuata makumi ya askari na wapagazi walikufa kwa njaa na kuhara. Walikuwa watu wa pwani waliotoka Bagamoyo miezi mitano nyuma, na majina yao hayakuchongwa popote. Stairs naye aliugua, akabebwa kwenye machela, akafa Chinde, kwenye mdomo wa mto Zambezi, mwezi wa sita wa 1892, kabla ya kufika kwao. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini.

Kabla ya kuondoka alikuwa ametoa hukumu juu ya nchi. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alikubaliwa kuwa mrithi, lakini juu ya eneo dogo tu. Na machifu wa Wasanga waliokuwa wameondolewa na Msiri wakarudishiwa nafasi zao. Pengine ilikuwa haki kwa Wasanga. Lakini tangu siku hiyo swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likawa mikononi mwa mwenye bunduki, aliyekuwa mgeni kuliko wote. Alikuwa amekaa siku chache tu, naye akawapangia watu waliozaliwa hapo nani ana haki ya kukaa wapi.

Mnaweza kuuliza: hayo ni ya Bunkeya, sisi wa Likasi yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa kuwa mji wetu ni mtoto wa bendera ile. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Shaba ambayo mafundi wa zamani waliiyeyusha kwa tanuru za udongo sasa iliyeyushwa kwa moto mkubwa, na moto huo ulihitaji mikono. Mikono ikatafutwa mbali: Kasai, Maniema, Kivu, Rwanda, na ng'ambo ya mpaka wa Rodezia. Makambi ya wafanyakazi yakajaa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana. Mwaka 1931 mji ukapewa jina la Jean Jadot, mhandisi wa Ubelgiji. Baada ya uhuru ukarudishiwa jina lake la Likasi. Tazameni basi: jina la Kizungu lilikuwa geni, lugha yetu ilitoka pwani, viazi vitamu vililetwa, nao babu zetu walio wengi walishuka kutoka kwenye gari la moshi wakiwa na sanduku moja. Mji huu ulijengwa na wageni waliopokeana.

Na hata hivyo, ndugu zangu, tulisahau. Mwaka 1992, wakati siasa za nchi zilipochafuka, maneno "mwenyeji" na "mgeni" yaliokotwa tena na kunolewa kama panga. Jirani zetu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa, na baba zao wakiwa wamezeekea kwenye tanuru za mji huu, walifukuzwa majumbani mwao. Maelfu walilala kwenye kituo cha gari la moshi cha Likasi, siku baada ya siku, wiki baada ya wiki, wakingoja treni ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao hawakuijua. Wengine walifia pale pale kituoni, kwa magonjwa na kwa njaa. Mwaka uliofuata mambo hayo hayo yalitokea Kolwezi. Wapo miongoni mwetu waliofukuzwa, wakarudi. Wapo waliowaficha jirani zao. Wapo pia walionyamaza, na waliochukua mlango au bati la nyumba iliyoachwa. Wote hao huketi leo kanisani kwenye mabenchi yale yale.

Hii ndiyo sababu ya kuchagua Bunkeya kwa safari yetu. Kituo cha gari la moshi kiko karibu mno. Kidonda chake ni kibichi, na anayekigusa kwanza huamsha kelele. Kilima cha Nkulu kiko mbali kidogo, kwa mahali na kwa miaka. Huko tunaweza kuitazama dhambi ile ile ikiwa imekauka, na kuitambua. Pale juu, mzao wa Msanga atasikia jinsi babu yake alivyonyang'anywa nchi na mgeni aliyempokea. Mzao wa Myeke atasikia jinsi babu yake alivyouawa na mgeni mwingine kwa kisingizio cha kumtetea Msanga. Mzao wa Kasai atasikia kwamba habari yake haikuanza mwaka 1992. Hakuna atakayeshuka akiwa ameshinda wengine kwa hoja, kwa maana kila mmoja atakuwa amekumbushwa kwamba, ukihesabu vizazi vya kutosha, yupo babu aliyefika akiwa na kiu akaombe maji kwenye ua wa mtu. Waisraeli nao waliamriwa kumpenda mgeni kwa sababu hii hii: kwamba walipata kuwa wageni katika nchi ya Misri na kuijua hali yake.

Sasa turudi kwenye matayarisho, ili maneno haya yawe na miguu.

Kuhusu wakati: twende kiangazi. Watu wa Bunkeya humkumbuka Msiri kila mwaka tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili, na ingependeza kuwa pamoja nao. Lakini huo ni wakati wa mvua, na tunao wazee ambao hatutaki wakwame njiani. Tuondoke alfajiri, baada ya sala fupi.

Kuhusu adabu: Bunkeya si makumbusho. Ni mji wenye watu, na ni makao ya Mwami wa Wayeke, mrithi wa kiti cha Msiri. Tupeleke barua mapema kuomba ruhusa, na siku yenyewe tuanzie kwake kutoa salamu kabla ya kukanyaga kilima, na mikono yetu isiwe mitupu. Mgeni wa kwanza wa habari hii aliomba kabla ya kuingia. Wale wa bendera hawakuomba. Yafaa ionekane tumejifunza kwa nani.

Kuhusu kusikiliza: tuombe mzee mmoja wa Wayeke atusimulie, na kabla ya safari, hapa Likasi, tumwombe mzee mmoja wa Wasanga afanye vivyo hivyo. Masimulizi hayatafanana. Tusiwalazimishe wazee wakubaliane kwa ajili ya raha yetu; tuyabebe yote mawili. Na makaburi yasipigwe picha bila idhini.

Kuhusu kilele: vijana watapanda mbele, wazee watabaki kivulini. Wanaofika juu wasiimbe kwanza. Wakae kimya kwa dakika chache kwa ajili ya wale ambao hawana mtu wa kuwataja: waliopita wamefungwa kamba, waliokufa katika vita vya Wasanga na Wayeke, wapagazi wa pwani waliozikwa mbali na bahari. Baadaye waimbe watakavyo.

Na kuhusu kurudi: tukiingia mjini jioni, dereva asitushushe kanisani moja kwa moja. Apitie kituo cha gari la moshi. Hatutatoa hotuba. Tutashuka, tutasimama kidogo, na mwenye jina la kukumbuka atalitamka. Kijana aliyeuliza kama kuna kuta atakuwa amepata jibu lake: kule Bunkeya zimeoza, wala hatuna sababu ya kuzisimamisha tena huku.